Kizimba Kisichochekesha: Vioja Mahakamani na Historia ya Hukumu katika Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Katika historia ya maigizo ya Kiswahili ni michezo michache iliyodumu na kupendwa kama Vioja Mahakamani, mfululizo wa vichekesho ulioanza kurushwa na Sauti ya Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaendelea baada ya chombo hicho kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) mwaka 1989, na ambao umewakusanya Wakenya wa rika zote kumtazama mshtakiwa akipandishwa kizimbani kwa kosa la ajabu na kujitetea kwa maelezo ya ajabu zaidi. Umaarufu wake hauna ubishi, wala ustadi wa waigizaji wake hauna haja ya kutetewa. Jambo linalostahili kuchunguzwa ni jingine: kwa nini kicheko hicho, kinachosemwa kwa lugha ambayo Watanzania huiona kuwa yao, hakikuwahi kuwa sehemu ya maisha katika eneo kama Nyarugusu, kata ya machimbo iliyo kusini-magharibi ya mji wa Geita (na ambayo haihusiani kwa lolote na kambi ya wakimbizi yenye jina hilohilo wilayani Kasulu), na kwa nini, hata pale mchezo huo unapomfikia mtazamaji wa ukanda huo leo, kuna sababu za kihistoria za kumfanya asiucheke kwa moyo mkunjufu. Insha hii inashikilia kwamba sababu hizo hazimo katika uhaba wa televisheni peke yake, bali zimo katika namna watu wa Usukuma na Uzinza walivyozoea kuhukumiana, na hasa katika swali la nani anayechekwa pale watu wanapokaa kusikiliza kesi.

Muundo wa mchezo wenyewe ni mmoja na haubadiliki sana. Hakimu huketi juu peke yake; karani huita kesi; kiongozi wa mashtaka, ambaye Tanzania huitwa mwendesha mashtaka, yaani ofisa anayesimamia kesi kwa niaba ya serikali, husimama na faili lake; kisha mshtakiwa huingia kizimbani, ule uzio mdogo wa mbao ambamo mtu husimama anapojibu mashtaka, na hapo ndipo vioja huanza. Mashtaka husomwa kwa Kiswahili cha sheria, chenye vifungu na tarehe, na mshtakiwa hujibu kwa Kiswahili cha kijijini kwake, akizunguka mbali, akimtaja shangazi na mbuzi wa jirani, akiulizwa alikuwa wapi usiku wa tukio na kueleza alichokula mchana wake, mpaka katika kuzungukazunguka huko aropoke neno moja linalofumbua fumbo lote na kumtia hatiani. Majina ya wahusika yalikuwa tayari nusu ya kicheko: Masanduku arap Simiti, Ondiek Nyuka Kwota, Othorong'ong'o Danger, Tamaa bin Tamaa. Kila jina lilibeba kabila, na kila kabila lilibeba lafudhi, yaani namna ya kutamka Kiswahili inayomtambulisha mtu alikotoka. Lafudhi hiyo ilikuwa vazi la jukwaani kama kofia na koti lisilomtosha mtu: Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015 na aliyepata sifa kubwa kama Mzee Ojwang' katika Vitimbi, mchezo uliokuwa ndugu wa Vioja Mahakamani, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza jukwaani kwa lafudhi ya Kijaluo, na watazamaji walilijua hilo na kulifurahia.

Kicheko cha namna hiyo hudai masharti mawili. La kwanza ni kwamba mtazamaji azitambue lafudhi zenyewe, kwa kuwa amesikia majirani wa makabila hayo wakizungumza sokoni, kwenye basi na kazini. La pili ni kwamba mahakama aionayo jukwaani ifanane na mahakama aijuayo. Nairobi masharti yote mawili yalitimia. Nyarugusu hakuna hata moja lililotimia, na kabla ya hapo kulikuwa na kizuizi cha kawaida kabisa, kwamba mchezo haukufika. Mpaka kati ya Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena mwaka 1983, nayo Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu miaka ya 1970. Msikilizaji wa Geita aliishi na Redio Tanzania Dar es Salaam, na vichekesho alivyovijua vilikuwa vya Pwagu na Pwaguzi, ambamo ujanja na ujinga vilikutana njiani na mitaani zaidi kuliko mbele ya hakimu. Vipande vya Vioja Mahakamani vilipokuja kuenea kwenye simu za mkononi, mchezo ulikuwa umeshatangulia miongo mitatu, na aliyekuwa akiutazama alikuwa na kumbukumbu zake mwenyewe za hukumu.

Kumbukumbu hizo zina mizizi mirefu. Kabla ya ukoloni, himaya ndogondogo za Usukuma na Uzinza zilitawaliwa na watemi, na mtemi, licha ya heshima yake kubwa ya kiibada, hakukata shauri peke yake, kwani alizungukwa na wazee waliojua mila na waliokuwa na uwezo wa kumwondoa. Chini yake, kila kijiji kilikuwa na wananzengo, yaani wakazi wenyewe wa kijiji wakiwa chombo kimoja, na adhabu iliyoogopwa kuliko zote haikuwa viboko bali kutengwa: mtu kukatiwa moto, maji na salamu mpaka akubali kosa na kulipa. Shauri lilisikilizwa na watu walewale ambao kesho yake wangelima pamoja na mshtakiwa, na lengo lake lilikuwa kumrudisha mkosaji katika jamii hiyo au kumtoa kabisa. Serikali ya Waingereza iliyachukua mabaraza hayo ikayaita mahakama za wenyeji, kwa sheria ya mwaka 1929, ikawapa watemi mihuri na vitabu vya kumbukumbu, na katika mwaka 1953 mtaalamu wa mila Hans Cory akachapisha kitabu kizima cha sheria na desturi za Wasukuma, ambacho mahakimu walikitumia kama mwongozo. Utaratibu ulibadilika sana, lakini sura ya mkutano wa wazee haikufutika.

Haikufutika hata baada ya Uhuru. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka huohuo ikaunda mfumo mmoja wa mahakama kwa watu wote, ambao ngazi yake ya chini ni Mahakama ya Mwanzo. Mahakama hiyo, ambayo kwa mkazi wa kijiji ndiyo mahakama hasa, ilijengwa ikiwa na tabia mbili ambazo jukwaa la Nairobi haliwezi kuzionyesha. Kwanza, hakimu hakuketi peke yake: sheria ya mwaka 1984 iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza ilitaka washauri wasiopungua wawili, ambao watu huwaita wazee wa baraza, waketi pamoja naye, wamhoji shahidi wakitaka, na wapige kura katika uamuzi, kura ya hakimu ikihesabiwa sawa na zao. Pili, kwa muda mrefu mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo, na lugha ilikuwa Kiswahili, kwa hiyo mlalamikaji na mlalamikiwa walizungumza wenyewe, kwa maneno yao, mbele ya mzee ambaye huenda alikijua Kisukuma chao vizuri kuliko hakimu aliyehamishiwa pale kutoka Moshi au Tanga. Mzunguko wa maneno ambao katika Vioja Mahakamani ni kichekesho, huku ni ushahidi: mzee wa baraza anayemsikia mtu akianza na ukoo wa mbuzi kabla ya kufika kwenye wizi wa mbuzi anajua kwamba mtu huyo anathibitisha umiliki kwa njia pekee inayothibitika, na atamsubiri amalize.

Kuna pia kumbukumbu nzito zaidi, inayolihusu jina la Geita moja kwa moja. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ililazimisha katika wilaya ya Geita baraza la mchanganyiko wa rangi, ambamo Wazungu na Waasia wachache wangeketi pamoja na Waafrika, na wananchi walilikataa kwa nguvu kiasi kwamba umati uliandamana kutoka Geita hadi Mwanza kupeleka malalamiko, ukakaa huko, ukatawanywa na polisi. Mwaka huohuo Julius Nyerere aliandika katika jarida la chama chake, Sauti ya TANU, akiwashutumu maofisa wa wilaya wawili, mmoja wa Musoma na mwingine wa Geita, naye akashtakiwa Dar es Salaam kwa kosa la jinai la kukashifu. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili Mwingereza aliyekuwa ametangulia kumtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria, lakini alitiwa hatiani na kutakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi 6. Faini ililipwa. Kwa hiyo kesi mashuhuri kuliko zote katika harakati za Uhuru wa Tanganyika ilizaliwa kwa sehemu na malalamiko ya wakulima wa Geita, na aliyesimama kizimbani kwa ajili yao alikuwa mwalimu aliyeijua lugha ya mahakama kuliko wengi waliomshtaki. Historia ya namna hiyo haimfundishi mtu kumwona mshtakiwa kuwa mtu wa kuchekwa.

Miaka 20 na kidogo baadaye hukumu ilirudi tena mikononi mwa wananzengo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha za moto zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukawa wa kuua, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Kahama na wilaya za jirani waliunda sungusungu, yaani ulinzi wa jadi wa wanaume wote wa kijiji, wakiwa na pinde, mishale na filimbi, na wakitumia mwano, ukelele wa dharura unaopokezanwa kutoka kijiji hadi kijiji mpaka mwizi azingirwe. Uongozi wao ulifufua cheo cha mtemi, mikutano yao mikubwa ilifufua dagashida, baraza la watu wote linaloketi uwanjani, na adhabu yao kuu ilikuwa ileile ya kale ya kutengwa. Serikali na chama tawala, baada ya kusitasita, viliwakubali, na mwaka 1989 sheria ikawapa mamlaka ya kukamata. Si haki kuisifu sungusungu bila kutaja ubaya wake, kwani katika miaka ya mwanzo wapo watuhumiwa waliopigwa na kuuawa, wakiwamo vikongwe walioitwa wachawi, na baadhi ya viongozi wake walijikuta wao wenyewe mbele ya mahakama ya serikali. Lakini ubaya huo nao unaeleza jambo: mahali ambapo hukumu iliweza kumtoa mtu kijijini au kumtoa uhai, kizimba hakikuwa pambo. Uzito huo wa kizimba ulipata sura mpya tangu mwaka 2007, mauaji ya watu wenye ualbino yalipolikumba eneo hili, na Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama ikawahukumu watu 3 adhabu ya kifo kwa mauaji ya mtoto aliyetoka Bukombe, wilaya ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita.

Nyarugusu yenyewe huongeza tabaka jingine, nalo ndilo linalostahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Dhahabu ya Geita ilitambuliwa na Wajerumani mwaka 1898, mgodi mkubwa wa kikoloni ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na tangu uchumi ulipolegezwa miaka ya 1980 wachimbaji wadogo wamefurika kutoka kila upande, wakajiunga na Wazinza, Wasumbwa, Walongo waliosifika zamani kwa kuyeyusha chuma, na Wasukuma waliohamia katika karne ya 20 kutafuta ardhi ya pamba na malisho. Kitovu cha maisha ya machimbo ni duara, yaani shimo moja la uchimbaji lenye mwenyewe, lenye mfadhili anayetoa chakula na magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na lenye wachimbaji wanaoshuka chini bila mshahara kwa ahadi ya mgawo. Mawe yakipandishwa hutiwa katika viroba, na viroba hugawanywa hapohapo mdomoni mwa duara: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la wachimbaji. Hakuna hati inayoandikwa. Ikiwa mchimbaji anadai kwamba kiroba chenye mawe mazuri kimehamishwa usiku, au kwamba mawe yake yamechanganywa na ya mwingine kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, au kwamba dhahabu imebaki katika marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa ambao mwenye karasha hujidai ni wake, shauri halingoji hakimu, kwa sababu ushahidi utakuwa umesagwa, umechanganywa na zebaki na kuuzwa kabla jua halijazama. Husikilizwa na uongozi wa machimbo palepale, watu wamesimama juu ya vifusi, kila mmoja akieleza alichokiona, na anayetoa uamuzi anajua kwamba akionea upande mmoja, kesho hakuna atakayeshuka katika shimo linalomhusu.

Hapo ndipo penye fumbo la kweli la mahakama za ukanda huu, na ni fumbo zuri kuliko mengi ya jukwaani: kosa lisiloacha alama, bidhaa inayopoteza utambulisho wake kwa saa chache, mashahidi ambao wote wana fungu katika mali yenyewe. Muhammed Said Abdulla, aliyeanzisha riwaya ya upelelezi ya Kiswahili kwa Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, angeyaelewa mazingira hayo, kwa kuwa mpelelezi wake Bwana Msa hufumbua mafumbo kwa kukaa na kuzungumza na watu wa mahali. Katika Vioja Mahakamani fumbo hufumbuka kwa sababu mshtakiwa hana akili ya kunyamaza. Huo ni udhaifu wa kisanaa, na ni vyema usemwe waziwazi hata na wanaoupenda mchezo.

Udhaifu huo unaonekana zaidi mchezo ukiwekwa kando ya wenzake wa mbali. Katika kichekesho cha Ufaransa cha karne ya 15 kinachomhusu wakili Pathelin, mchungaji aliyeshtakiwa hujibu kila swali kwa kulia kama kondoo, akaishinda mahakama, kisha akamlipa wakili wake kwa mlio uleule. Katika Rumpole of the Bailey, mfululizo wa Kiingereza wa John Mortimer ulioanza mwaka 1978, karibu wakati mmoja na Vioja Mahakamani, anayefanywa kichekesho ni jaji mwenye kiburi, na mwizi mdogo hutendewa kwa huruma. Pwani ya Waswahili nako Abunuwasi amekuwa akiwaumbua makadhi na masultani kwa karne nyingi. Desturi kongwe ya kichekesho cha mahakamani, basi, humcheka mwenye kiti. Vioja Mahakamani imeigeuza: ingawa mshtakiwa wakati mwingine humtoa jasho kiongozi wa mashtaka, na hizo ndizo dakika zake bora, mwisho wake karibu daima ni hakimu mwenye busara, adhabu, na somo la uraia, kama ilivyotarajiwa kwa mchezo uliozaliwa katika shirika la serikali.

Mtazamaji wa Geita ana sababu ya ziada ya kuhisi ubaridi mbele ya mchezo huu, kwa kuwa katika vichekesho vya Tanzania yeye ndiye huwekwa mahali pa Masanduku arap Simiti. Mtu wa kutoka Usukumani, anayechanganya r na l, aliyeingia mjini na fimbo na asiyejua njia, amekuwa mhusika wa kudumu wa vichekesho vya Dar es Salaam. Hasira dhidi ya mzaha huo isichukuliwe kuwa ni ukosefu wa moyo wa utani, kwani Wasukuma wana mojawapo ya desturi tajiri zaidi za kejeli katika Afrika Mashariki. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, wa karne ya 19, hushindana kila mwaka katika sikukuu ya Bulabo kule Bujora, karibu na Mwanza, wakirushiana nyimbo za kashfa na kuvutia watazamaji kwa nyoka, fisi wa bandia na dawa. Mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi upande wake. Hapo kila anayecheka anaweza kuchekwa wimbo unaofuata, na hukumu hutolewa na umati wenyewe kwa kuhama na miguu yao. Uwiano huo wa nguvu haupo kizimbani.

Mabadiliko ya karibuni yanaupa mjadala huu uzito mpya. Kwa muda mrefu mahakama za juu za Tanzania ziliandika hukumu kwa Kiingereza, mpaka Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma alipoandika kwa Kiswahili hukumu ya shauri lililouhusu mgodi wa dhahabu wa North Mara, na Februari 2021 Rais John Magufuli, mwenyeji wa Chato mkoani Geita, akatangaza kumteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani kwa sababu hiyo; mwaka huohuo sheria ikarekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zote. Kuanzia hapo mchimbaji anayesimama mbele ya jaji anazungumza katika lugha ya jaji, kwa lafudhi yake, na lafudhi hiyo imo katika kumbukumbu za mahakama. Mchezo unaomcheka kwa namna anavyotamka unacheka haki ambayo ameipata juzi tu.

Vioja Mahakamani itabaki kuwa kazi kubwa ya sanaa ya Kenya, na waigizaji wake wanastahili heshima na malipo bora kuliko wengi wao walivyopata. Lakini waandishi wa maigizo wa Mwanza, Geita na Shinyanga wasiuige muundo wake. Waende Mahakama ya Mwanzo, ambako mlango uko wazi kwa kila mwananchi, wawasikilize wazee wa baraza, pale wanapoketi, wakiuliza maswali yao. Wasimame mdomoni mwa duara siku ya mgawo. Kisha waandike mchezo ambamo mwenye leseni, mwenye karasha na hakimu nao watachekwa kama anavyochekwa mchimbaji.